Kuchagua Kamera ya Kupigia Picha za Harusi

Vifaa vya kupigia picha za harusi huchaguliwa kwa kuzingatia mambo mawili: uhaba wa mwanga na tukio lisilorudiwa. Pete huvishwa mara moja, na sheikh akishaozesha hakuna wa kumwomba aanze upya. Tena harusi nyingi za Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa humalizikia ukumbini usiku. Kamera inayotoa picha safi bustanini saa nne asubuhi inaweza kushindwa kabisa saa tatu usiku, keki inapokatwa. Ni saa hiyo ya usiku inayopaswa kuamua kipi kinunuliwe.

Wanunuzi wengi huanza na bodi ya kamera, ilhali lenzi ndiyo inayostahili kutangulia. Uwezo wa lenzi kupitisha mwanga huonyeshwa kwa alama ya f: namba ikiwa ndogo, tundu huwa pana. Lenzi ya f/2.8 hupitisha mwanga mara nne zaidi ya lenzi iliyofungwa hadi f/5.6. Lenzi ya milimita 18–55 inayouzwa pamoja na kamera za bei nafuu hubaki na f/5.6 ikivutwa hadi mwisho. Kwa mwanga uleule na kasi ileile, pale mwenye f/2.8 anapopiga kwa ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) ya 3200, mwenye f/5.6 hulazimika kupanda hadi 12800, na chenga hujaa usoni mwa bi harusi.

Zumu mbili zinazotegemewa sana katika kazi hii ni 24–70 f/2.8 na 70–200 f/2.8. Ya kwanza hufuata msafara, maharusi wakiingia na ndugu wakicheza. Ya pili ni ya kanisani, ambako padri au mchungaji huenda asimruhusu mpiga picha kusogea madhabahuni. Bei ya zumu hizi ni kubwa. Asiyezimudu anaweza kuanza na lenzi mbili zisizo za zumu, milimita 35 na milimita 85, zenye f/1.8. Hizi hupitisha mwanga zaidi ya mara mbili ya f/2.8, na bei yake kwa kawaida huwa nafuu zaidi. Katika chumba cha ndani ambamo bi harusi anapambwa huku shangazi na somo wamemzunguka, ile ya 35 hufaa kuliko zumu yoyote ndefu, kwa kuwa hakuna nafasi ya kurudi nyuma.

Kwa upande wa bodi, sensa kamili ya milimita 36 kwa 24 ina eneo zaidi ya mara mbili ya sensa ndogo za kamera za kawaida, na hustahimili ISO za juu vizuri zaidi. Pikseli nyingi si hoja. Milioni 24 zinatosha kuchapisha ukurasa wenye upana wa sentimita 50 kwa ubora kamili. Muhimu zaidi ni kupiga kwa RAW, yaani faili ghafi ya kamera. Shela jeupe na ngozi nyeusi vikikutana katika fremu moja, kamera huvutwa na weupe na kuutia uso giza. Faili ya RAW huhifadhi taarifa za kutosha kuurudisha uso huo bila kupoteza nakshi za shela, jambo ambalo JPEG hulifanya kwa shida.

Sifa isiyopaswa kujadiliwa ni nafasi mbili za kadi. Kadi huharibika bila kutoa taarifa, na picha za ndoa zikipotea haziwezi kulipwa kwa fedha. Kamera yenye nafasi mbili inaweza kupangwa iandike kila picha katika kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Hapa jina la kampuni halitoshi, lazima toleo liangaliwe: Nikon Z6 ya 2018 ina nafasi moja, Z6 II ya 2020 ina mbili, Canon EOS R ya 2018 ina moja, EOS R6 ya 2020 ina mbili. Sony A7 III ya 2018 inazo mbili, na hata Nikon D750 ya 2014.

Kamera za kisasa zisizo na kioo ndani husifiwa kwa shata ya kielektroniki isiyotoa sauti, na msikitini au kanisani utulivu huo ni neema. Ukumbini una gharama. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na taa nyingi za LED huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Shata hiyo husoma picha mstari kwa mstari, hivyo picha hutoka na michirizi ya giza. Tiba ni shata ya mitambo, kwa kasi ya 1/100 au 1/50.

Flashi nayo ina mtego wake. Kanuni ya kawaida ni kuielekeza darini ili mwanga urudi ukiwa laini. Lakini dari za kumbi nyingi hufunikwa vitambaa vya mapambo, na kitambaa cha zambarau hurudisha mwanga wa zambarau: ngozi ya maharusi hubadilika rangi kwa namna ambayo kompyuta hairekebishi kirahisi. Ni bora kuwa na flashi mbili zinazowashwa kwa redio, zikiwa juu ya stendi kwenye pembe za ukumbi. Zenye betri ya lithiamu hujichaji upesi kuliko zile za betri nne ndogo.

Pwani, unyevu huotesha kuvu ndani ya lenzi, kwa hiyo sanduku lisilopitisha hewa lenye pakiti za kukausha unyevu ni sehemu ya vifaa.

Kwa mwenye fedha ya bodi moja mpya, chaguo bora ni bodi mbili zilizotumika, ili moja ikigoma katikati ya tukio lisilorudiwa nyingine iendelee, zote zikiwa na nafasi mbili za kadi, baada ya kukagua idadi ya picha ambazo kila shata imepiga; ya D750 ilijaribiwa hadi mara 150,000. Lenzi za 35 na 85 na flashi mbili zifuate, kisha zumu za f/2.8. Asiyeweza kununua bodi ya pili na aikodi kabla ya kupokea malipo ya awali ya harusi yoyote.