Kuandika kwa Kalamu Juu ya Kioo: Mwalimu wa Bunda Anunue Kipi?

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi walivyotumia makarani vilianza kugawiwa walimu wa shule za serikali nchini. Hivyo mwalimu wa Bunda au Butiama, mkoani Mara, ambaye pengine hakuwahi kuwaza kununua kifaa cha namna hiyo akajikuta anacho mezani, kando ya andalio la somo. Kinafungua vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kinapiga picha, kinatuma taarifa. Akitaka kuandika juu yake kwa mkono, kama anavyoandika daftarini, hapo ndipo shida inapoanza.

Kalamu za bei rahisi zenye ncha ya mpira hazina tofauti kubwa na kidole. Kioo hakijui kama kimeguswa na kalamu au na kiganja kilichoegemea, kwa hiyo mstari mmoja wa maelezo huja na mikwaruzo mitatu isiyo na mwenyewe. Anayetaka kuandika kwa raha ana njia mbili: kununua kishikwambi cha kawaida kilichotengenezwa pamoja na kalamu yake, au kuhamia kwenye vifaa vya wino wa kielektroniki.

Wino huo ni kazi ya kampuni ya E Ink, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1997 na watafiti waliotoka chuo cha MIT. Ndani ya kioo mna vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi. Umeme ukipita, chembe za rangi moja hupanda juu na za rangi nyingine hushuka, na maandishi yakaonekana. Zikishatulia, hazihitaji umeme kubaki zilipo. Ndiyo maana chaji ya vifaa hivi huhesabiwa kwa wiki, wakati kishikwambi cha kawaida kinachotumika kutwa huomba chaja jioni. Vinavyojulikana zaidi kwa kuandikia ni reMarkable ya Norway, iliyoanza kuuzwa mwaka 2017, Kindle Scribe ya Amazon iliyotoka 2022, na Boox za kampuni ya Onyx ya China.

Sifa kubwa ya vifaa hivi kwa mkazi wa Mara huonekana juani. Kioo cha wino huakisi mwanga badala ya kuutoa, basi kadiri jua linavyozidi ndivyo kinavyosomeka vizuri. Bwana shamba anayeandika hali ya mihogo saa saba mchana huko Butiama, au karani wa samaki mwaloni Mwigobero, Musoma, akifungua kishikwambi cha kawaida ataona sura yake mwenyewe na mawingu. Jicho nalo hupumzika: kusoma kurasa mia kwenye kioo cha wino hakuchoshi kama kukodolea taa.

Lakini umeme ukikatika usiku, mambo hugeuka. reMarkable 2, iliyotoka mwaka 2020, haina taa yoyote ndani yake. Chaji imejaa, kifaa kinafanya kazi, na bado mwenyewe anatafuta tochi. Kindle Scribe ya 2022 ina taa, kwa hiyo anayesomea usiku asiinunue reMarkable 2 kwa kuvutiwa na wembamba wake.

Suala la chaji si dogo, na Tanzania ina mfano wake. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto wapatao 2,700 wa vijiji 170 mkoani Tanga walipewa vishikwambi vya kawaida vyenye programu za kujifunzia kusoma. Ilibidi vijengwe na vituo vya kuchajia kwa sola, kwa sababu bila hivyo mradi usingefika popote.

Kwa uimara, wino wa kielektroniki una doa. Shirika la Worldreader lilipogawa Kindle katika shule za Ghana kuanzia mwaka 2010, karibu vifaa 40 kati ya 100 viliharibika, na tatizo kubwa lilikuwa vioo. Zile zilikuwa za kusomea tu na teknolojia imesonga mbele tangu hapo, ila kioo cha wino bado kinahitaji kifuniko kigumu. Kishikwambi cha kawaida cha Samsung kikipasuka, fundi simu wa Musoma anajua pa kuanzia. Scribe au Boox ikipasuka, kupata kioo kingine ni safari ndefu.

Kuna pia rangi. Vitabu vingi vya shule vina ramani na michoro ya rangi, na kwenye kioo cheusi na cheupe mto na barabara huweza kufanana. Vifaa vya wino wa rangi vipo, kama reMarkable Paper Pro ya mwaka 2024, lakini rangi zake zimefifia na bei yake imepanda. Tena reMarkable na Scribe hazina mahali pa kuweka laini. Kutuma maelezo kunahitaji Wi-Fi au bando la simu.

Watetezi wa wino husema kifaa kisicho na WhatsApp humtuliza mwanafunzi. Ni kweli, ingawa daftari la kawaida nalo halina WhatsApp. Utafiti maarufu wa Mueller na Oppenheimer wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanaoandika kwa mkono huelewa somo vizuri kuliko wanaochapa kwenye kompyuta, ila watafiti waliourudia mwaka 2019 hawakupata tofauti kubwa kiasi hicho. Anayenunua kwa tumaini la kufaulu mtihani aweke fedha yake mfukoni kwanza.

Kwa mtu wa kifaa kimoja, na ndio walio wengi, kishikwambi cha kawaida chenye kalamu yake ndicho kinachofaa. Galaxy Tab S6 Lite ya Samsung ni mfano mzuri: kalamu yake huja ndani ya boksi na haihitaji kuchajiwa. Wino wa kielektroniki unamfaa wakili, padri au mwanafunzi wa uzamili anayejaza kurasa kila siku na tayari ana simu nzuri. Scribe ilipotoka ilianzia dola 340 hivi, bila usafiri wala ushuru. Anayeiagiza amuulize muuzaji mapema, kioo kikivunjika, ni nani atakayekibadilisha na kwa bei gani.