Methadoni Inapokutana na Dawa ya Kifua Kikuu

Heroini, ambayo mitaani huitwa "unga", hushikamana na vipokezi maalumu vya ubongo. Baada ya saa chache nguvu yake huisha, na mtumiaji aliyekwisha kuizoea hushikwa na arosto: mifupa humuuma, tumbo humsokota, jasho humtoka, usingizi humkimbia. Methadoni hushika vipokezi vivyo hivyo, ila nguvu yake hudumu kwa siku nzima. Kwa hiyo kipimo kimoja kilichopangwa vema, kinywewacho kila siku mbele ya mhudumu, hutosha kuizuia arosto bila ya kumlewesha mgonjwa. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa tiba hiyo mwaka 2011.

Lakini mraibu haji kliniki na uraibu peke yake. Kushirikiana sindano kumewaambukiza wengine virusi vya UKIMWI au homa ya ini. Msongamano na lishe duni vimewaletea wengine kifua kikuu. Wengi hawana kazi wala makao, na ndugu wamekwisha kuwachoka. Nauli ya kila siku huweza kumshinda mtu mapema kuliko ugonjwa wenyewe.

Matatizo hayo huingiliana hata ndani ya mwili. Rifampisini, iliyo nguzo ya tiba ya kifua kikuu, hulichochea ini litengeneze kwa wingi vimeng'enya viivunjavyo methadoni. Katika muda wa siku chache hadi majuma mawili, kipimo kilichokuwa kikitosha hakitoshi tena. Mgonjwa hurudiwa na arosto ingawa hakukosa kunywa dawa hata siku moja. Asiyeelezwa hudhani amepunjwa. Huurudia unga, au huacha vidonge vya kifua kikuu, na vimelea vilivyobaki huweza kuwa sugu. Kumlaumu kwamba hana nia ya kupona ni kukosa kulielewa ini.

Daktari mwenye habari huongeza methadoni hatua kwa hatua. Tiba ya kifua kikuu ikiisha, kwa kawaida baada ya miezi 6, vimeng'enya hupungua, na kipimo kile kikubwa hakina budi kuteremshwa, la sivyo pumzi ya mgonjwa huweza kusita. Efavirenzi, dawa ya UKIMWI iliyotumika sana kwa miaka mingi, nayo huipunguza methadoni. Dolutegraviri iliyochukua nafasi yake haifanyi hivyo, lakini yenyewe hupunguzwa na rifampisini, hata ikabidi imezwe mara mbili kwa siku badala ya mara moja.

Kwa kuwa mgonjwa hufika kila siku kunywa methadoni, mhudumu yule yule aweza kumpa vidonge vyake vingine katika dirisha moja, akamwona akivimeza, na nauli ikawa moja.