Mpunga, Mchele na Wali: Jiko Lako Ni Darasa la Lugha

Jioni moja hapa Kibaoni nilikuwa nachagua mchele kwenye ungo. Binti yangu wa darasa la tano alikaa kando yangu akikariri Kiingereza kutoka kwenye daftari: "Rice, wali. Rice, wali." Nikamwuliza, "Na huu ninaouchagua unaitwaje?" Akanyamaza. Kumbe neno alilokuwa akilihangaikia lilikuwa mikononi mwangu!

Akina mama wenzangu, mimi niliishia darasa la saba. Kwa miaka mingi niliamini kuwa Kiingereza ni kazi ya mwalimu peke yake. Lakini shule zetu nyingi za msingi hufundisha kwa Kiswahili, na mtoto akifika kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Aliyekariri maneno bila kuvijua vitu vyake hukwama, na wengine hukata tamaa kabisa. Je, tukae tu tukitazama?

Kitu na neno pamoja

Jambo hili si geni. Comenius, aliyezaliwa mwaka 1592 katika nchi iitwayo leo Cheki, alikuwa askofu wa kanisa la Ndugu, ambalo ndilo mzizi wa Kanisa la Moravian tunalolijua hapa Tanzania. Alisikitika kuona watoto wakikaririshwa maneno wasiyoyaelewa. Mwaka 1658 alitoa kitabu cha picha ili mtoto aone kitu na jina lake kwa pamoja. Tena alifundisha kwamba inapowezekana, mtoto aone kitu chenyewe, akiguse, akinuse, akionje.

Walimu wa lugha hufanya hivyo hadi leo. Hata maktaba nyingine, pamoja na vitabu, hutunza sarafu, mbegu, zana na vinyago, vikiorodheshwa kama vitabu. Mama, maktaba ya namna hiyo unayo jikoni kwako.

Neno moja, vitu vitatu

Sisi wa bonde la Kilombero tunajua kuwa mpunga uko shambani, mchele uko kwenye ungo, na wali uko kwenye sahani. Mwingereza huviita vyote "rice". Mtoto aliyekariri "wali" tu atatafsiri kwamba mkulima amepanda wali! Na ukoko je? Na kiporo? Hapo Kiingereza hulazimika kueleza kwa maneno kadhaa.

Mambo huweza pia kugeuka. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 hutaja theluji, neno lenye asili ya Kiarabu, nasi wengi hatujawahi kuigusa. Mwonyeshe mtoto barafu iliyoganda ndani ya friji ya dukani. Mwambie kwamba theluji ni baridi vivyo hivyo, ila ni laini na huanguka kutoka mawinguni. Kisha mwonyeshe picha ya kilele cha Kilimanjaro.

Anza leo

Tafuta boksi tupu. Weka humo mpunga kidogo, mchele, pumba, kifuu, kijiko na sarafu. Kila kimoja kiwe na kikaratasi chenye jina la Kiswahili upande mmoja na la Kiingereza upande wa pili. Usipojua, mtume mtoto kwa mwalimu au mtafute kamusi, si aibu. Maneno matatu kwa juma yanatosha.

Mnapopika, mwambie akutajie kila anachokuletea. Akikosea, usimcheke wala kumkaripia. Baba naye ataje jembe, panga na wavu. Na mwache mtoto akufundishe wewe, maana anayefundisha hujifunza mara mbili.

Bwana wetu mwenyewe alipoulizwa habari za kodi, aliomba kwanza aonyeshwe sarafu. Alifundisha kwa mbegu, chachu na mtini, vitu ambavyo wasikilizaji wake walivishika kila siku.

Binti yangu sasa anatofautisha mpunga, mchele na wali, na anaweza kueleza kwa Kiingereza kila kimoja ni kipi. Nami, mwanamke wa darasa la saba, nimejifunza pamoja naye. Dada yangu, usiseme huna elimu ya kumpa mwanao. Tazama kwanza kilichomo kwenye ungo wako.