Valvu Mpya ya Moyo: Kazi Haiishii Hospitalini



Kamati za parokia zinapochangisha fedha za matibabu ya moyo, mara nyingi bajeti huishia siku mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani. Katika toleo hili tunapenda kueleza kwa nini bajeti ya namna hiyo haitoshi, hasa kwa mgonjwa aliyewekewa valvu bila kupasuliwa kifua.

Njia yenyewe

Valvu ni mlango unaoruhusu damu kwenda upande mmoja tu. Kwa wazee wengi, valvu ya aota, inayopitisha damu kutoka moyoni kwenda mwilini, hukakamaa na kushindwa kufunguka vizuri. Tarehe 16 Aprili 2002, mjini Rouen, Ufaransa, Dk. Alain Cribier alikuwa wa kwanza kumwekea mtu valvu hiyo kwa kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa wa damu. Siku hizi mrija huo huingizwa zaidi kwenye kinena.

Utafiti uliotangazwa mwaka 2010 ulifuatilia wagonjwa 358 ambao hawakuweza kupasuliwa. Baada ya mwaka mmoja, kati ya kila 100 waliowekewa valvu walifariki takriban 31. Kati ya waliopewa matibabu ya kawaida walifariki takriban 51. Hata hivyo, katika siku 30 za kwanza, kiharusi kikubwa kiliwapata 5 kati ya 100 wa kundi la kwanza, na 1 wa kundi la pili. Vifaa vimeboreshwa tangu wakati huo, lakini hatari haijaisha.

Matatizo yanayoweza kutokea

• Kutokwa damu au kuchanika kwa mshipa pale mrija ulipopita.

• Kiharusi, pale vipande vidogo vinapobanduka kwenye valvu ya zamani na kwenda na damu hadi kwenye ubongo.

• Mapigo ya moyo kwenda polepole mno. Njia ya umeme wa moyo hupita karibu kabisa na valvu, na ikibanwa mgonjwa huhitaji kuwekewa betri ya moyo.

• Damu kuvuja pembeni ya valvu isipokaa sawasawa.

• Figo kudhoofika kutokana na dawa inayodungwa ili mishipa ionekane kwenye picha.

• Baadaye, damu kuganda juu ya valvu, vijidudu kuishambulia, au valvu yenyewe kuchakaa kadiri miaka inavyopita.

Kamati ifanye nini?

Kwanza, tengeni fungu la dawa, nauli za kliniki na kipimo cha moyo cha ultrasaundi. Mgonjwa asiache dawa za kuzuia damu kuganda bila ruhusa ya daktari, hata akijisikia mzima.

Pili, waelekezeni wanafamilia. Homa isiyoisha, kuzimia, kubanwa pumzi, miguu kuvimba, mdomo kupinda au mkono kulegea ghafla ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Homa isidhaniwe tu kuwa malaria. Daktari aambiwe kwamba mgonjwa ana valvu ya bandia.

Tatu, meno yatunzwe, kwa maana vijidudu vya kinywani huweza kufika kwenye valvu. Kabla ya kung'olewa jino, mgonjwa amweleze daktari ili apewe antibiotiki.

Nne, msimwahidi mgonjwa njia hii kabla ya daktari bingwa kumpima. Vijana wetu wengi wana valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, na mara nyingi wao huhitaji upasuaji wa kawaida au matibabu mengine.

Tunawaomba mchango wenu uendelee kumsindikiza mgonjwa hata baada ya kurudi nyumbani, kwa sababu valvu iliyopatikana kwa gharama kubwa inaweza kupotea kwa kukosa nauli ya kliniki.