Klachi Inayoteleza Haitibiwi kwa Kukazwa

"Fundi, si ukaze tu?" Gereji za Songea zinazopokea Land Rover za zamani zimelisikia swali hili mpaka limechosha. Mwenye gari ametoka Mbamba Bay, mlimani injini imevuma lakini gari likatambaa, harufu ya kuungua ikajaa ndani. Anashuka akiwa na tiba tayari mdomoni: kukaza.

Hakuna imani iliyoharibu flaiwili nyingi kama hii.

Kinachoibana diski ya klachi dhidi ya flaiwili ni springi za presha pleti, na ziko ndani, nyuma ya injini. Skrubu ya nje haizifikii hata kidogo. Kazi ya pedeli ni moja tu: kuachanisha. Kwa hiyo fundi "akikaza", anachofanya ni kuisogeza rilizi beringi ianze kuzisukuma springi kabla dereva hajagusa pedeli. Gari linatembea kana kwamba mtu amelaza mguu kwenye klachi kutwa nzima. Klachi iliyokuwa inateleza kidogo sasa inateleza sana, na mteja anarudi kulalamika kwamba fundi hakukaza vya kutosha.

Kukaza kunasaidia ugonjwa wa upande wa pili, yaani klachi isiyokata: gia inakwaruza, au gari linasukuma mbele hata pedeli ikiwa chini. Kuteleza na kutokata ni kinyume na kinyume. Zaidi ya hapo, kwenye Land Rover za Series II na IIA, diski inavyolika, vidole vya presha pleti husogea kuelekea beringi na uchezaji wa pedeli, yaani nafasi yake kabla beringi haijagusa vidole hivyo, hupungua. Klachi ikianza kuteleza kwa sababu hiyo, marekebisho yanayofaa ni kulegeza.

Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, haina hata cha kukaza kwenye silinda ya chini, ile inayoisukuma beringi. Beringi hujipanga yenyewe. Skrubu inayobaki ni ya fimbo ya masta silinda, juu kwenye pedeli. Fimbo hiyo lazima iwe na nafasi ndogo kabla ya kugusa pistoni. Ikikazwa kupita kiasi, pistoni hairudi mwisho, tundu la kurudishia mafuta linabaki limezibwa, na mafuta yakipata joto yanatanuka yasipate pa kwenda. Klachi inajikanyaga yenyewe. Ndiyo maana gari lililokazwa asubuhi huondoka Songea vizuri na kuanza kuteleza limeshachemka.

Barabara za huku hazisamehe. Ziwa Nyasa, ilipo Mbamba Bay, liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, Songea mjini ni zaidi ya mita 1,100, na katikati imesimama milima ya Umatengo. Ongeza malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, ambayo anayeyafuata hulazimika kupanda kwa gia ya kwanza huku akilishikilia gari kwa nusu klachi badala ya breki. Diski inaliwa hapo.

Kabla ya kufungua chochote, mtu alale chini ya gari. Chini ya hausingi ya flaiwili kuna tundu dogo lenye plagi yake, ambayo hufungwa gari linapovuka maji marefu tu. Wengi huiacha imefungwa mwaka mzima, mafuta yanayovuja yanajikusanya na kuilowesha klachi. Ifunguliwe, kidole kichovywe kwenye kinachotoka. Mafuta meusi ni ya injini: sili ya nyuma ya kranki imechoka. Yenye harufu kali ya kiberiti ni ya giaboksi. Diski iliyolowa isioshwe kwa petroli irudishwe. Laini za diski zimeshanyonya mafuta, na zikichemka yatatoka tena.

Sasa uamuzi, na hauhitaji kikao. Pedeli inazama au inahitaji kupampiwa: badilisha raba za masta na silinda ya chini, na hosi, weka mafuta ya breki ya DOT 4, si oili ya injini, ambayo huvimbisha raba. Gari lililoegeshwa masika yote likagoma kuingia gia: huenda diski imeshikana na flaiwili kwa kutu, haijaisha. Klachi haitelezi, hailii, haivuji: iachwe, umri peke yake si sababu ya kushusha giaboksi. Inateleza na uchezaji wa pedeli uko sawa: ifunguliwe.

Na ikifunguliwa, diski, presha pleti, rilizi beringi, bushi ya kranki na sili vibadilishwe kwa pamoja, na flaiwili ikaguliwe. Ili giaboksi itoke, kwanza sakafu na boksi la viti ving'olewe. Anayebadilisha diski peke yake ili kuokoa hela ya beringi atalipia kazi hiyo mara mbili. Vumbi la ndani lisipulizwe kwa kompresa, lifutwe kwa kitambaa kilicholowa, kwa kuwa laini za miaka ile zilikuwa na asbestosi.

Anayeagiza spea Gerezani, Dar es Salaam, apime ya zamani kwanza. Series III ilikuja na klachi ya inchi 9.5, nyingi za kabla yake inchi 9, na injini nyingi za magari haya zimeshahamishwa kutoka gari moja hadi jingine. Kadi ya gari haitoshi kuagizia klachi.