Lenzi ya Zamani Bila Kofia ni Mashida: Venye Utapata Hudi Inayofit Kamera Yako ya Renjifainda

December iliyopita niliingia ushago na kamera yangu ya mitumba, Canonet QL17 G-III, na roll moja tu ya filamu. Picha 36, hakuna ya kurudia. Saa kumi na moja jioni guka alikuwa amekaa kwa stuli yake nje ya jikoni, jua limeshuka nyuma ya migomba, mwanga wa dhahabu umemzunguka kichwa. Nikajiambia hapa leo nimeomoka. Nikapiga picha tano mfululizo.

Filamu iliporudi kutoka kuoshwa, nne kati ya hizo tano zilikuwa kama mtu amemwaga maziwa juu yake. Sura ya guka imefifia, nguo yake nyeusi imekuwa kijivu, na kuna duara mbili za mwanga zimekaa katikati ya kifua. Moja tu ndiyo ilitoka safi. Nitakuambia mwishoni kwa nini.

Kosa lilikuwa langu, si la kamera. Hiyo kitu imetoka kiwandani miaka ya 70 na bado inapiga kazi. Nilichokosa ni kitu ndogo sana: hudi, ile kofia ya lenzi. Na kama wewe pia umeokota Canonet, Yashica, Zorki ama FED kwa soko, soma hii kabla hujachoma roll yako.

Kwani hudi hufanya nini?

Watu wengi hudhani ni urembo ama bumper ya kuzuia lenzi isigongwe. Hiyo ni faida ya pembeni. Kazi yake kubwa ni kuziba mwanga ambao hauko kwa picha yako lakini unagonga kioo cha mbele.

Cheki hivi. Kioo kisicho na rangi ya kinga hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kila mahali kioo kinapokutana na hewa. Chukua lenzi kama Elmar 50mm f/3.5 ya Leica ya kabla ya vita: iko na nyuso sita za aina hiyo. Piga hesabu, zaidi ya asilimia 20 ya mwanga haifiki kwa filamu moja kwa moja. Hiyo haipotei yote. Nyingine inadunda huku na huku ndani ya lenzi kama mpira, mpaka inatua kwa filamu mahali haikualikwa. Hapo ndipo weusi unakuwa kijivu.

Mwaka wa 1935, Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss alipata hataza ya kupaka kioo utando mwembamba unaopunguza huo mdundo. Baada ya vita lenzi nyingi zikaanza kupakwa. Lakini zile za zamani nyingi ziko na tabaka moja tu, si tabaka nyingi kama lenzi za siku hizi. Kwa hivyo jua la pembeni bado linaziumiza.

Alafu kuna hii ya renjifainda yenyewe. Kwa kamera hizi huchungulii kupitia lenzi. Unaangalia kwa kidirisha kiko kando, juu. Kwa hicho kidirisha kila kitu kinakaa safi, hata kama lenzi inaoga jua. Utajua umeharibu siku ya kuchukua picha. Ndio maana mtu wa renjifainda anahitaji hudi kuliko mtu wa kamera ingine yoyote.

Hatua ya kwanza: jua saizi

Hapa ndipo wasee wengi huchomwa. Kwa lenzi kuna namba mbili za milimita. Ile ya 40mm ama 50mm ni ya urefu wa fokasi, yaani lenzi inaona upana kiasi gani. Haina uhusiano na saizi ya hudi. Mimi mwenyewe niliwahi kununua hudi ya 40mm ju lenzi yangu ni ya 40mm. Ilikaa kama kofia ya mtoto kwa kichwa cha boxer.

Unachotafuta ni kipenyo cha thredi ya mbele, ile mitaro ya kuskrubu filta. Hizi ndizo za kamera na lenzi ambazo utakutana nazo sana:

- Canonet QL17 G-III (40mm f/1.7): 48mm
- Yashica Electro 35 (45mm f/1.7): 55mm
- Jupiter-8 (50mm f/2), ile ya Mrusi: 40.5mm
- Canon 50mm f/1.8 ya skrubu: 40mm, hii ni ngumu kupata
- Leica Summicron 50mm za thredi ya E39: 39mm

Kama yako haiko hapo, toa rula ama ile vania kalipa ya maabara ya physics na upime. Pima ndani, kutoka ukingo hadi ukingo, kisha upime nje pia. Kwa nini nje? Ju hudi ziko aina tatu.

Kuna ya kuskrubu ndani ya thredi. Kuna ya kuvalisha kwa nje, inashika kwa kubana tu. Na kuna ya kubana na skrubu ndogo kando, kama zile Leica walitengenezea Elmar ya zamani, ambayo upana wake wa nje ni 36mm. Hudi ya kuvalisha inahesabiwa kwa kipenyo cha nje. Kwa mfano Yashica Electro iko na 55mm ndani lakini nje inavaa hudi ya 57mm. Ukimwambia muuzaji "nataka ya 55" bila kusema ni ya aina gani, utatoka na kitu haiingii.

Hatua ya pili: isiwe ndefu sana

Hudi ndefu inaziba jua poa, lakini ikizidi inaanza kula kona za picha. Unapata pembe nne nyeusi, kama unaangalia dunia kupitia bomba.

Hesabu yake si ngumu. Kwa filamu ya 35mm, lenzi ya 50mm inaona pembe ya karibu digrii 47 kutoka kona hadi kona. Ya 40mm inaona digrii 57. Ya 35mm inaona digrii 63. Kadri unavyoona upana, ndivyo hudi inafaa kuwa fupi na mdomo mpana.

Kwa lugha ya rula: kila milimita 10 hudi inapotoka mbele ya kioo, mdomo wake unafaa kupanuka kila upande kwa karibu milimita 4.3 kwa lenzi ya 50mm, milimita 5.4 kwa 40mm, na milimita 6.2 kwa 35mm. Tuseme kioo chako cha mbele kina upana wa 24mm, lenzi ni ya 40mm, na hudi inatoka mbele 20mm. Ongeza 10.8 kila upande. Mdomo unatakiwa uwe angalau 46mm. Ukiwa chini ya hapo, chunga kona.

Ukiweka filta kati ya lenzi na hudi, kumbuka umesukuma hudi mbele zaidi. Pia umeongeza kioo kingine cha kudundisha mwanga. Kama huna haja na filta, itoe.

Hatua ya tatu: mambo ya renjifainda pekee

Kwanza, hudi kubwa inaingia kwa kidirisha chako cha kuchungulia. Utaona giza pale chini upande wa kulia, na kama kuna mtu amesimama hapo, umemkata miguu bila kujua. Ndio maana hudi nyingi za renjifainda ziko na matundu kando. Si mapambo. Ni ya kukuwezesha kuchungulia kupitia hudi yenyewe.

Pili, jua jicho la mita ya mwanga liko wapi. Kwa Canonet liko ndani ya ringi ya lenzi, juu ya kioo. Hudi ya kuvalisha vibaya ama yenye ringi nene inaweza kulifunika, na mita ikadhani ni usiku. Kwa Yashica Electro jicho liko juu kwa bodi, karibu na kidirisha, so hapo hakikisha hudi haitupi kivuli.

Tatu, kuna lenzi ambazo sehemu ya mbele inazunguka ukivuta fokasi. Hizo chukua hudi ya duara. Ya mraba itazunguka nayo na kuacha kona nje. Na kwa Jupiter-8, ringi ya tundu la mwanga haina kliki, kwa hivyo ukiskrubu hudi angalia usije ukabadilisha namba bila kujua.

Jaribu kabla ya kutoa doh

Hii test ni ya bure na unaweza kuifanya hapo hapo mbele ya muuzaji. Hakikisha hakuna filamu ndani. Fungua mgongo wa kamera, weka shata kwa B, fungua tundu la lenzi mwisho, kama ni Canonet 1.7. Weka fokasi ya mbali kabisa, ju hapo ndipo lenzi inaona upana zaidi.

Vaa hudi, elekeza kamera kwa ukuta mweupe ama mawingu, usielekeze kwa jua. Bonyeza shata ushikilie. Sasa weka jicho lako kwa kona kabisa ya lile dirisha la filamu na uchungulie kupitia lenzi. Toa hudi, rudia. Kama na hudi unaona ukingo mweusi unauma mwanga, na bila hudi hauko, hiyo ni ndefu. Rudisha. Jaribu kona zote nne.

Kama huipati kabisa?

Hudi ya original ya kamera zingine inaweza kuitishwa bei karibu sawa na kamera yenyewe. Usilie. Tafuta ringi ya kupandisha. Kwa Canonet, ringi ya 48 kwenda 52 inakufungulia dunia ya hudi za 52mm, ambazo ziko nyingi na bei yake ni ya mtu wa kawaida. Faida ingine ni kwamba ukipanda saizi mdomo unapanuka, so kona zinapona.

Skrubu polepole. Kama inakataa, geuza nyuma kwanza mpaka usikie imekaa, ndio uanze kukaza. Ukilazimisha unaharibu thredi ya lenzi, na hiyo huwezi kununua.

Ukikosa zote, karatasi ngumu nyeusi, isiyong'aa, na gundi ya tepu. Zungusha, pima na ile hesabu ya juu, fanya test. Si luku, lakini picha haijui.

Ila hudi si dawa ya kila kitu. Kama jua liko ndani ya fremu yenyewe, hudi haisaidii. Na kama lenzi iko na ukungu ama kuvu ndani, kitu ya kawaida kwa kamera zilizokaa mahali penye unyevu kama Mombasa, picha zitakuwa maziwa hata na hudi ya dhahabu. Mulika tochi ya simu kupitia lenzi kabla hujanunua.

Ile picha moja

Sasa kuhusu ile picha ya tano. Nikiwa napiga, binamu yangu alikuja kusimama kando yangu kuniuliza supper iko wapi. Alikuwa amevua kofia yake, akaiinua juu kujikinga macho na jua. Kivuli cha hiyo kofia kiliangukia lenzi yangu. Hakujua, na mimi sikujua.

Guka alituacha mwezi wa tatu. Hiyo picha ndiyo iliwekwa mbele kwa mazishi, na ndiyo imetundikwa kwa ukuta wa cucu sasa hivi. Weusi ni weusi, mikunjo yote ya uso inaonekana, na anacheka kidogo.

Zile zingine nne bado niko nazo kwa bahasha. Hudi nilinunua wiki iliyofuata.