Besi Yenye Jina la Mpigaji

Gitaa la besi lenye jina la mpigaji hutengenezwa kiwandani kwa vipimo na matakwa ya mwanamuziki mmoja, likauzwa kwa jina lake, naye akalipwa sehemu ya mauzo. Saini yake huchapwa kwenye kichwa cha gitaa, pale zinapokazwa nyuzi, au kwenye bamba la chuma nyuma ya shingo. Saini hiyo hutokana na mkataba, na uzito wa mkataba hutegemea sana yale ambayo mpigaji alishayafanya kwenye ala yake kabla kampuni haijamfuata.

Desturi hii ilianza kwenye magitaa ya kawaida, besi ya umeme ikiwa haijabuniwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Gibson ya Marekani ilitoa gitaa lenye jina la Nick Lucas, mwimbaji aliyevuma kwenye redio na santuri. Mwaka 1952 ikatoa gitaa la umeme lenye jina la mpiga gitaa Les Paul, ambalo hadi leo huuzwa dunia nzima. Ubishi juu ya nani hasa alilibuni haujaisha, lakini kifaa kimoja kinajulikana kuwa ni cha Les Paul mwenyewe: kishikio cha nyuzi kwenye tumbo la gitaa. Katika matoleo ya kwanza nyuzi zilipitishwa chini ya kishikio hicho, mpigaji akakosa mahali pa kulaza kiganja ili kuzizima, na Gibson ikalazimika kukibadilisha. Mwaka 1961 kampuni ilibadili umbo la gitaa lote, Les Paul hakulipenda, na baada ya muda jina lake likaondolewa. Lilirudi mwaka 1968. Historia hiyo fupi inaonyesha kwamba jina juu ya ala ni makubaliano ya biashara, na makubaliano huvunjika.

Upande wa besi, Leo Fender alitoa Precision Bass mwaka 1951 huko Fullerton, California, na Jazz Bass ikafuata mwaka 1960. Hata hivyo kampuni ya Fender haikuanza kutoa magitaa yenye majina ya wasanii hadi mwaka 1988, ilipoanza na mpiga gitaa Eric Clapton. Wapiga besi waliingia kwenye orodha hiyo katika miaka ya 1990.

Mikataba kati ya wanamuziki na watengenezaji ina ngazi zake. Wengi wanaotangazwa kuwa mabalozi wa kampuni hawapewi ala bure: hununua kwa punguzo, pengine kwa bei inayokaribia ile anayouziwa mwenye duka. Wachache wenye majina makubwa hupewa bila malipo, huazimwa ala nyingine wakiwa ziarani ili wasisafirishe zao, na hutengenezewa zinapoharibika. Wao kwa upande wao huruhusu picha zao zitumike kwenye matangazo, hupanda jukwaani na ala za kampuni hiyo, na huitwa kupiga mbele ya wafanyabiashara kwenye maonyesho ya ala kama yale ya NAMM huko California. Mara nyingi kuna kipengele kinachomkataza msanii kuonekana hadharani na ala ya kampuni shindani.

Ngazi ya juu kabisa ni besi yenye jina, na hapo ndipo unapoingia mrabaha. Huo ni asilimia ndogo, na kwa kawaida hukokotolewa kwa bei ya jumla, si kwa bei anayolipa mnunuzi dukani. Kwa mfano wa hesabu tu, besi inayouzwa dola 1,000 dukani ikiwa imetoka kiwandani kwa dola 600, mrabaha wa asilimia 5 ni dola 30. Msanii atahitaji kuuza besi nyingi sana kabla fedha hizo hazijafikia malipo ya ziara moja nzuri. Ndiyo maana wapigaji wengi huthamini zaidi kupata ala iliyotengenezwa watakavyo, yenye vipuri vinavyopatikana popote, kuliko mrabaha wenyewe.

Jambo linalojirudia katika historia ya besi hizi ni kwamba wapigaji walinunua ala zao kwa fedha zao wenyewe, wakazifanya maarufu, kisha ndipo kampuni zikaja na mikataba. Paul McCartney wa The Beatles alinunua besi ya Höfner yenye umbo la fidla mjini Hamburg mwaka 1961 kwa takriban pauni 30. Anapigia mkono wa kushoto, na kwa kuwa besi hiyo ina pande mbili zinazofanana, haikuonekana kituko hata ikigeuzwa. Geddy Lee wa kundi la Rush la Kanada aliipata Jazz Bass yake ya 1972 kwenye duka la rehani huko Kalamazoo, Michigan, kwa dola 200. Fender ilianza kuuza besi yenye jina lake mwaka 1998, ikiwa nakala ya ile ya rehani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Marcus Miller, mzaliwa wa Brooklyn, New York, ambaye ndiye mhimili wa albamu ya mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis ya mwaka 1986, Tutu. Besi yake ni Jazz Bass ya 1977 aliyoinunua akiwa kijana. Jazz Bass za miaka hiyo zina badiliko dogo lenye athari kubwa. Pikapu ya nyuma, yaani sumaku iliyozungushiwa waya ili kunasa mtetemo wa nyuzi, ilisogezwa kama sentimita moja kuelekea kwenye daraja, yaani kishikio cha nyuzi kwenye tumbo la besi. Karibu na daraja uzi haupati nafasi ya kutikisika sana, kwa hiyo sauti hutoka kavu na kali. Miller anapouchapa uzi kwa dole gumba na kuufyatua kwa kidole cha shahada, ukali huo ndio unaopenya katikati ya ngoma na vinanda. Fundi Roger Sadowsky wa New York aliifanyia kazi zaidi: alifunga daraja zito la chuma na kuweka ndani saketi ya betri inayomwezesha mpigaji kuongeza uzito au ukali wa sauti kutoka kwenye besi yenyewe, bila kugusa amplifaya.

Mwaka 1998 Fender ilitoa besi ya Marcus Miller iliyotengenezwa Japani. Yaani kampuni ilinunua haki ya kunakili besi iliyotoka katika kiwanda chake miaka 21 nyuma, pamoja na maarifa ya fundi ambaye hakuwa mwajiriwa wake. Baadaye Miller alihamia Sire, kampuni ya Korea Kusini inayotengenezea ala zake Indonesia, ambayo kuanzia mwaka 2015 iliuza besi zenye jina lake kwa mamia machache ya dola. Kati ya mikataba yote ya aina hii, huu ndio uliomfaa zaidi mpigaji wa kawaida, kwa sababu uliishusha sauti ya studio za New York hadi kwenye bei ambayo mwanafunzi au kwaya ya kanisa inaweza kuichangia.

Wapo pia walioipa kampuni kitu kipya kabisa. Mpiga besi Billy Sheehan alikuwa ameongeza pikapu kubwa karibu na shingo ya Precision yake na kuweka matundu mawili ya waya, ili kila pikapu iende kwenye amplifaya yake. Yamaha ikaujenga mpango huo ndani ya besi yake ya Attitude. Gary Willis, mpigaji wa besi isiyo na freti, yaani vipande vya chuma vinavyokatiza shingo, aliweka kibao chini ya nyuzi kinachozuia vidole visizame mno, na Ibanez ikakitia kwenye besi ya jina lake. John Entwistle wa The Who alishirikiana na kampuni ya Uingereza ya Rotosound mwaka 1966 kupata nyuzi za besi zenye mlio wa chuma, ambazo leo ni kawaida kwa wapiga besi wengi.

Malipo hayakuwafikia wote waliostahili. Mpiga besi Jaco Pastorius alikuwa na Jazz Bass ya 1962 iliyong'olewa freti, akaziba mianya na kuupaka ubao gundi ngumu ya maboti ili nyuzi za chuma zisiutafune. Sauti iliyotoka kwenye albamu yake ya 1976 iliwabadilisha wapiga besi wa kizazi kizima. Besi hiyo iliibwa mwaka 1986, naye akafariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 35. Fender ilitoa besi ya jina lake mwaka 1999, miaka 12 baada ya kifo chake. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi kubwa za kampuni ya santuri ya Motown huko Detroit, alitendewa vibaya zaidi. Kwa miaka mingi jina lake halikuandikwa hata kwenye majalada ya santuri. Precision yake ya 1962 iliibwa muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka 1983, na hakuwahi kuona besi ikiuzwa kwa jina lake.

Waafrika ni wachache mno katika orodha hii, ingawa mchango wao wa besi unajulikana. Bakithi Kumalo wa Afrika Kusini, aliyepiga besi isiyo na freti kwenye albamu ya Graceland ya Paul Simon mwaka 1986, ana ala yenye jina lake kutoka kampuni ya Kala. Ni besi fupi yenye mwili wa ukulele.

Kwa mnunuzi, jina halitoshi kueleza ubora. Jina moja linaweza kuwa juu ya besi iliyotengenezwa kwa mkono Marekani na juu ya nyingine ya bei nafuu kutoka Asia, zikitofautiana mbao, pikapu na bei. Pikapu na daraja ndivyo vya kukagua kwanza, kwa kuwa mara nyingi humo ndimo yalimo mabadiliko ya mpigaji. Mnunuzi aangalie pia anayeisifia besi ana uhusiano gani na kampuni. Nchini Marekani, miongozo ya Tume ya Biashara ya Shirikisho, iliyopanuliwa mwaka 2009 ili kugusa mitandao, inamtaka anayesifia bidhaa aweke wazi uhusiano wake na kampuni. Uhusiano huo hauishii kwenye fedha: hata aliyepewa ala au seti ya nyuzi bila malipo anapaswa kusema.